Maswali ya Wasomaji: Apdeti, Bando na Umeme Unaokatika

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na nyingi zinalalamikia kitu kimoja: apdeti za kompyuta. Kuna anayetaka kuzizima zisirudi tena, na kuna ambaye zimeshamwachia mashine isiyowaka. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha na urefu wake. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo, maana kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa kwa Kiingereza.

Nina stationari yenye kompyuta mbili, natumia hotspoti ya simu. Naweka bando asubuhi, kabla ya saa sita limekwisha na sijafungua hata video moja. Kijana wangu anasema ni Windows inajiapdeti. Naizimaje kabisa?
*Mwenye stationari, Kiborloni, Moshi*

Mama, kabla ya kuhukumu, hakikisha mla bando ni nani. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Network & internet, Advanced network settings, halafu Data usage. Kwenye Windows 10, Data usage iko moja kwa moja ndani ya Network & Internet. Hapo kila programu ina hesabu yake ya siku 30, na si ajabu kukuta OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) au Chrome imekula kuliko unavyodhani. Hesabu ya apdeti zenyewe iko pengine: Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, kisha Activity monitor.

Ikiwa kweli ni apdeti, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Nenda Network & internet, Wi-Fi, fungua jina la mtandao wako, kisha washa Metered connection. Kuanzia hapo apdeti nyingi hazitashuka bila ruhusa yako, na OneDrive nayo itasimama. Rudi pia Advanced options za Windows Update uone kwamba Download updates over metered connections imezimwa. Wengi hukwama kwa sababu hawajui kwamba mpangilio huu unashika jina la mtandao, haushiki kompyuta nzima. Siku ukitumia simu nyingine, au ukibadilisha jina la hotspoti, kompyuta inauona kama mtandao mpya na inaanza kula upya. Na ukiunganisha simu kwa waya wa USB, mtandao unajitokeza upande wa Ethernet, kwa hiyo uwashie na huko.

Kuizima kabisa hatukushauri, na kwa stationari hata kidogo. Kila flashi ya mteja inapita kwako. Virusi vya WannaCry vilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, marekebisho ya tundu vililopitia yalikuwa yametoka tangu 14 Machi mwaka huo huo. Wengi waliopigwa ni wale ambao hawakuyaweka. Ukihitaji kupumua, tumia Pause updates: unaweza kuahirisha hadi wiki 5, zikiisha itakulazimu uweke kwanza ndipo uahirishe tena.

Kizuri ni kwamba ratiba yake inajulikana. Microsoft hutoa apdeti kubwa ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa 2 usiku (kuanzia Novemba hadi Machi, saa 3). Kwa hiyo Jumatano ile ndiyo duka linaposikia maumivu. Chagua usiku mmoja wa wiki hiyo, nunua bando la usiku, zima Metered kwa muda, bonyeza Check for updates kwenye kompyuta ya kwanza na uiache imalize. Kwenye Delivery Optimization za kompyuta zote mbili, ruhusu kuchukua kutoka kompyuta nyingine, ila chagua zilizo kwenye mtandao wako wa ndani peke yake. Hapo ya pili itachota sehemu kubwa kwa mwenzake. Ukichagua ile inayotaja na intaneti, utakuwa unawagawia bando lako watu usiowajua.

Naapdeti desktop, ilipofika asilimia 60 umeme ukakatika. Uliporudi ikaandika "Undoing changes made to your computer". Imekaa hapo tangu saa nne, sasa ni saa sita mchana. Niizime?
*Msomaji, Ngaramtoni, Arusha*

Bado. Kwa mashine yenye diski ya kuzunguka, saa mbili si ajabu. Tazama taa ndogo ya diski mbele ya kasha: ikipepesa, kazi inaendelea, hata kama maandishi hayabadiliki. Iache mpaka jioni. Kama mashine ina SSD (diski isiyozunguka) na taa imekufa kimya zaidi ya saa nzima, hapo una haki ya kushika kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izime.

Katika hatua hii Windows inabadilisha mafaili ya mfumo kwa maelfu, na inaweka orodha ya yaliyobaki. Umeme ukikatika, ikiwaka inasoma orodha ile na kurudi nyuma. Umeme wa kwanza kukatika mara nyingi hauui mashine. Kinachoiua ni mtu kuizima mara ya pili wakati inajirudisha.

Ikiwa inazunguka bila kuingia, iite sehemu ya ukarabati kwa nguvu: washa, nembo ikitokea shika kitufe mpaka izime, rudia. Ikishakatizwa hivyo mara mbili, ukiiwasha tena iache, italeta kioo cha bluu chenye Troubleshoot. Ingia Advanced options, Uninstall Updates, kisha Uninstall latest quality update. Ikikataa, jaribu Startup Repair. Nayo ikikataa, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) iliyo humo humo. Usidhani diski yako itaitwa C hapo ndani, herufi hubadilika. Andika diskpart, kisha list volume, tazama sehemu kubwa yenye mafaili yako imepewa herufi gani, andika exit. Tuseme ni D:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions
sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ya kwanza inafuta orodha ya kazi zilizobaki njiani, ya pili inakagua mafaili ya mfumo. Zima na kuwasha. Ikiingia, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, ukiwa na intaneti, na umalizie kwa hizi:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Zote zikishindwa, fundi atakuambia dawa ni kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya. Inawezekana ni kweli, lakini kabla hajagusa kitu mwambie aiwashe kwa flashi yenye Linux (mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows), anakili mafaili yako kwenye diski ya nje, nawe uyafungue mawili matatu mbele yake.

Kuhusu UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta: ile ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kufunga kazi, haikupi muda wa kumaliza apdeti kubwa. Inasaidia umeme ukicheza, siyo ukikatika kwa muda mrefu. Laptopu yenye betri nzima ni salama zaidi, ila ukweli wa betri hauko kwenye asilimia inayoonekana pembeni. Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport, fungua faili itakayokutajia, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya theluthi ya ya kwanza, ihesabu laptopu hiyo kama desktop.

Nilinunua laptopu ya mtumba, fundi akaniwekea Windows. Kwenye apdeti inaandika kwamba mipangilio inasimamiwa na shirika. Mimi sina shirika lolote, nauza mitumba. Na kitufe cha apdeti hakifanyi kitu.
*Msomaji, Soko la Kilombero, Arusha*

"Some settings are managed by your organization" kwenye mashine ya mtumba kwa kawaida ina maana moja kati ya mbili. Ya kwanza: laptopu ilikuwa ya kampuni huko ilikotoka na bado imesajiliwa kwao. Hii utaitambua ukipiga Windows upya, kwani ikiunganishwa intaneti tu inakudai barua pepe ya kampuni fulani. Kupiga tena na tena hakusaidii, usajili uko kwenye seva. Irudishe kwa aliyekuuzia, aliyesajili ndiye anayeweza kuufuta usajili huo.

Ya pili ndiyo tunayoishuku kwako: fundi ameweka Windows isiyo na leseni, akazima apdeti kwa makusudi ili uchawi wake usigundulike. Bonyeza Start, andika services.msc, ifungue na utafute Windows Update. Ikiwa Startup type ni Disabled, irudishe Manual. Kisha fungua regedit, fuata njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate

Ukikuta ndani yake folda inayoitwa AU, yenye NoAutoUpdate ya thamani 1, hifadhi nakala kwa Export, kisha futa folda hiyo ya WindowsUpdate na uwashe upya. Kama apdeti zinaanza kushuka, umepona. Kama bado, huenda Windows yenyewe ni ile iliyopunguzwa viungo ili iwe nyepesi, na kilichoondolewa humo hakirudi kwa amri yoyote.

Lakini kuna jambo mafundi wengi hawakuambii. Laptopu za kampuni kubwa zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baadaye huwa na leseni ndani ya bodi yenyewe. Fungua PowerShell, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea mstari wa herufi na tarakimu 25, una leseni halali uliyoilipia pamoja na mashine, na ulikuwa unatumia ya wizi bure kabisa. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, tengeneza Windows kwa Media Creation Tool ya Microsoft, nakili mafaili yako nje, piga upya kwa toleo lile lile la Home au Pro lililokuja nayo. Kama ilitoka kiwandani na Windows 10 au 11, itajisajili yenyewe ikipata intaneti; leseni ya Windows 8 huenda isikubaliwe tena na matoleo hayo.

Shule yetu ina kompyuta 22 za mitumba zenye Windows 10, nyingi i5-4590 na chache i5-6500, RAM GB 4. Tumesikia Windows 10 imefikia mwisho. Zitazima? Na tufanyeje, bajeti ni ndogo?
*Mwalimu wa TEHAMA, Kibosho, Moshi*

Hazitazima, Mwalimu. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni apdeti za usalama za bure. Kompyuta inawaka kama kawaida, ila tundu jipya likipatikana halizibwi.

Windows 11 rasmi hamtaipata kwenye mashine hizo. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 4590 ni cha 4, 6500 ni cha 6, na Microsoft inataka Intel kuanzia kizazi cha 8, chipu ya TPM 2.0 (inayotunza funguo za siri), Secure Boot (ulinzi wa mwendo wa kuwaka), RAM GB 4 na diski GB 64. Zipo njia za kuruka ukaguzi huo, na mafundi mjini wanazifanya. Kwa mashine yako mwenyewe ya nyumbani ni hiari yako. Kwa maabara ya shule tunakataa, maana Microsoft haitoi ahadi ya apdeti kwa mashine ya namna hiyo, na toleo jipya la kila mwaka mtalazimika kuliingiza kwa mkono mara 22.

Kuna muda wa nyongeza wa apdeti za usalama unaoitwa ESU. Kwa mtu binafsi unafika 13 Oktoba 2026, na anaupata kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ihifadhiwe mtandaoni, au kwa kulipa dola 30. Shule ina mlango wake, kupitia leseni za elimu: dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 4 wa tatu. Ni nafuu mno, mradi shule iwe na mkataba wa leseni hizo. Bila mkataba, mlango huo haufunguki.

Shauri letu ni Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux yenye mwonekano mwepesi. Toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, linakwenda kwenye GB 4 za RAM bila kuganda, na LibreOffice inakuja nayo. Msiwahi kuifuta Windows siku ya kwanza. Iandikeni Mint kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washeni kompyuta moja kwa flashi hiyo bila kusakinisha, mjaribu printa, projekta na sauti kwa wiki nzima ya vipindi. Ikiwa masomo au mitihani ya vitendo inadai Microsoft Office, acheni safu moja na Windows 10 bila intaneti. Na kama kuna fedha yoyote, ya kwanza iende kwenye SSD za GB 240, si kwenye kasha jipya. RAM ifuate: 4590 inatumia DDR3, 6500 kwa kawaida DDR4, ila fungueni moja mwone kabla ya kununua 22.

Sasa bando. Kompyuta 22 zikishusha apdeti kila moja kwa yake, mtalipa mara 22. Kwenye kompyuta moja ya Mint, tuseme yenye anwani 192.168.1.10, andika:

sudo apt install apt-cacher-ng

Kwenye nyingine zote tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu mmoja, nukta-mkato ya mwisho ikiwemo:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Ya kwanza itahifadhi kila kifurushi kinachopita, na zinazofuata zitakichukua kwake. Hakikisheni kompyuta hiyo ina anwani isiyobadilika na inawashwa kabla ya nyingine. Ikiwa imezimwa, zote zitasema haziwezi kuunganishwa, na mwanafunzi wa kwanza atawaambia Linux imeharibika. Zile zitakazobaki na Windows mkizilipia ESU, apdeti yake hupatikana kama faili la .msu kwenye Microsoft Update Catalog: shusheni mara moja, mpitishe kwa flashi.

Baada ya apdeti laptopu ya ofisi imeleta kioo cha bluu kinachodai "BitLocker recovery key". Hatujawahi kuweka kitu kama hicho. Fundi mmoja anasema anaweza kuivunja kwa laki mbili.
*Mhasibu, kampuni ya utalii, Njiro, Arusha*

Usimpe. BitLocker ni kufuli la Windows linalofunga diski nzima, na bila ufunguo wake kwa kawaida haivunjwi. Anachoweza kufanya ni kufuta kila kitu na kupiga Windows, na hiyo si kazi ya laki mbili.

Huenda kweli hamkuweka. Laptopu nyingi za siku hizi zinajifunga zenyewe mara ya kwanza mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo unakaa ndani ya chipu ya TPM, na chipu inautoa tu ikiwa mwendo wa kuwaka ni ule ule inaoufahamu. Apdeti ikigusa BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta), au mtu akibadilisha Secure Boot, chipu inakataa na kudai tarakimu 48.

Kioo kinaonyesha Key ID. Andika herufi 8 za mwanzo, kisha kwa simu ingia aka.ms/myrecoverykey ukitumia akaunti ya aliyeianzisha laptopu hiyo, ambaye ofisini mara nyingi ni mtu aliyeshaacha kazi au kijana wa duka lililowauzia. Mpigieni. Linganisheni Key ID ifanane, kwa sababu akaunti moja inaweza kuwa na funguo za mashine nyingi. Kama laptopu iko chini ya akaunti ya kazi, anayesimamia barua pepe za ofisi anaweza kuuona.

Mkishaingia, fungueni Command Prompt ya msimamizi, andikeni manage-bde -protectors -get C: na mchapishe ufunguo huo kwenye karatasi, uingie kabatini pamoja na hati za magari. Kabla ya kuapdeti BIOS safari nyingine, simamisheni kwanza:

manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 1

Kila nikijaribu kuapdeti naletewa 0x80072F8F, na tovuti nyingi zinasema si salama. Intaneti ipo.
*Msomaji, Marangu*

Tazama tarehe. Ikiwa desktop yako kila ikichomolewa ukutani inarudi miaka ya nyuma, betri ya bodi imekufa, na vyeti vya usalama vya Microsoft vinaonekana kama havijaanza kutumika. Ni CR2032, ya volti 3, inauzwa hata kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme, sukuma klipu ndogo, weka mpya upande wa + juu. Kabla ya kuitoa ya zamani, ingia BIOS upige picha kwa simu mahali panapoonyesha SATA na Boot mode. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na AHCI (namna bodi inavyoongea na diski) ikigeuka RAID, Windows haitawaka, nawe utadhani betri ndiyo imeiharibu.

Shikamooni. Laptopu yangu ina diski ya GB 64 tu. Apdeti inaandika 0x80070070. Nimefuta nyimbo na picha zote, bado.
*Mwanafunzi, Tengeru, Arusha*

Marahaba. Namba hiyo ina maana nafasi haitoshi, na nyimbo zako hazikuwa na kosa. Bonyeza Start, andika Disk Cleanup, chagua C, halafu Clean up system files. Weka alama kwenye Windows Update Cleanup na Previous Windows installation. Hiyo ya pili ni folda ya Windows.old, ambayo ndiyo tiketi yako ya kurudi toleo la nyuma ndani ya siku 10, kwa hiyo ifute tu kama toleo jipya limekuridhisha. Downloads usiiwekee alama kabla ya kuikagua.

Kisha powercfg /h off kwenye Command Prompt ya msimamizi, itakurudishia GB kadhaa zilizotengwa kwa kulala usingizi mzito (hibernate). Kama kuna apdeti iliyoshuka nusu na kukwama, ifute hivi:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Kitakachopotea ni yaliyoshushwa na orodha ya historia, apdeti zilizokwisha kuingia zinabaki. Ikianza kufanya kazi vizuri, futa ile .old, ndiyo yenye uzito. Apdeti kubwa ya mwaka ikiendelea kukataa, chomeka flashi tupu ya GB 16. Windows yenyewe itakuuliza kama iitumie kwa muda, usiichomoe mpaka imalize kabisa.

Ubuntu inasema "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Nimefuta faili hilo kama nilivyoona mtandaoni, sasa inadai dpkg imekatizwa, na /boot imejaa.
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Kufuli lile la dpkg, chombo kinachosakinisha programu, halikuwa kosa. Ubuntu, ambayo nayo ni aina ya Linux, ilikuwa inajiapdeti yenyewe nyuma ya pazia, na ungeisubiri dakika 10 ingemaliza. Ulipolifuta, kazi mbili zikaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Anza na:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Zikigoma kwa kukosa nafasi, tazama df -h /boot (sehemu inayotunza kerneli), kisha uname -r ujue kerneli, yaani kiini cha mfumo, unayotumia sasa. Hiyo usiiguse. Orodhesha zilizopo kwa dpkg -l 'linux-image*', ondoa moja ya zamani kabisa kwa sudo apt purge ikifuatiwa na jina lake kamili. Apt ikikataa, tumia sudo dpkg --purge kwa jina lile lile. Rudia zile amri mbili za juu, umalizie kwa sudo apt autoremove --purge. Usiingie /boot na rm: mafaili yataondoka lakini apt itaendelea kuamini yapo. Na siku kerneli mpya ikikuletea kioo cheusi, gonga Esc mashine inapowaka (Shift kwa zile za zamani), ingia Advanced options for Ubuntu, uchague ya nyuma yake.

Nahariri video za harusi kwa MacBook ya Intel. Inanisumbua nipande macOS mpya. Nipande?
*Mpiga picha, Moshi mjini*

Usipande ukiwa na harusi ambayo hujaikabidhi. Apdeti ndogo, zile zinazoongeza namba ya mwisho tu, weka bila wasiwasi baada ya kuhifadhi nakala kwa Time Machine. Toleo kubwa subiri mpaka watengenezaji wa programu yako ya kuhariri na vijalizo vyake waseme linakubalika, kwani kurudi nyuma kwenye Mac ni kufuta diski na kuanza upya. Kwenye General, Software Update, kitufe cha i, zima kusakinisha macOS kwa hiari yake, lakini mstari wa mafaili ya usalama uache umewashwa.

Tahoe, toleo la 26 lililotoka Septemba 2025, ndilo la mwisho kwa Mac za Intel, na si Intel zote zinazolipokea. Kwa hiyo huna cha kukimbilia: kama uko kwenye Sequoia, toleo lililotangulia, na kazi inakwenda, kaa hapo wakati bado inapata marekebisho ya usalama, na fedha ya harusi za Desemba ianze kuelekea kwenye mashine ya chipu ya M.